Mtoto kavimba tezi: ya nyumbani, ya zahanati na ya kukimbia nayo

Mara nyingi jambo lenyewe hugunduliwa kwenye beseni. Unampaka mtoto sabuni shingoni, kidole kinapita juu ya kitu kidogo kama punje, kinateleza, kinarudi. Unapapasa tena. Kipo. Jana hakikuwepo, au kilikuwepo hukukigundua. Mtoto analia povu limemwingia machoni na mama hana habari, mawazo yake yameshafika Muhimbili.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mikindani, Mtwara. Napita nyumba kwa nyumba, na hili swali la tezi halikosi kwenye mizunguko yangu. Lakini kabla ya kuwa mhudumu nilikuwa mama mwenye kidole shingoni mwa mwanawe, na nilikosea karibu kila hatua nitakayoieleza hapa.

Maelezo haya ni ya mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne hivi, yule anayekimbia uani na kutia kila kitu mdomoni. Kichanga cha chini ya miezi mitatu hakimo humu. Hicho kikivimba popote au kikipata homa, kipelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Kwanza ujue unashika nini

Huku kwetu uvimbe wa kinenani huitwa mtoki, na wengi wetu tunauita mtoki hata ukiwa shingoni au kwapani. Hospitali wataandika tezi, au tezi za limfu. Ni kitu kimoja. Kila binadamu anazo mamia mwilini, na kazi yake ni kuchuja majimaji yanayopita na kukamata vijidudu kabla havijasambaa. Tezi ikipata kazi nyingi inavimba. Mtoto wa umri huu kila siku anakutana na vijidudu ambavyo mwili wake haujawahi kuviona, kwa hiyo tezi zake hazipumziki, na shingo yake nyembamba haifichi kitu. Ndiyo maana mtoto mzima wa afya, anayecheza na kula, unaweza kumpapasa ukakuta vipunje viwili vitatu shingoni. Hiyo si habari.

Mimi nawaelezea akina mama kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kila tezi ina nyumba zake. Za nyuma ya sikio na kisogoni zinahudumia ngozi ya kichwa. Za chini ya taya zinahudumia mdomo, meno na koo. Za kwapani zinahudumia mkono na upande wa kifua, za kinenani zinahudumia mguu, makalio na sehemu za siri. Ukiona mjumbe ametoka nje usiku amesimama barabarani, humkamati yeye. Unamuuliza kelele zinatoka nyumba gani.

Mwanangu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alitoka tezi mbili nyuma ya sikio la kushoto. Mama mkwe alizishika akasema, "Huu mtoki, mwanangu. Uchue kwa mafuta ya nazi ya moto, utalainika." Nikaitikia, "Haya, mama." Nikachua asubuhi, nikachua jioni, na katikati nilikuwa nabonyeza kuona kama zimepungua. Wiki tatu. Zikawa kubwa zaidi, na mtoto akawa akiniona nanyoosha mkono anakimbilia uvunguni. Zahanati, tabibu hakugusa hata shingo. Alisema, "Mama, mfumue nywele." Nilikuwa nimemsuka vizuri kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Chini ya zile nywele kulikuwa na mapunye, mabaka matatu yenye magamba, moja likiwa na usaha. Mjumbe alikuwa anapiga kelele wiki tatu, na mimi namchua mafuta.

Hatua ya 1: Mtazame mtoto, uvimbe baadaye

Muweke chini dakika tano umwangalie. Anacheza? Ananyonya, anakunywa? Anakojoa kama kawaida? Mtoto mwenye tezi anayekimbiza kuku hana dharura leo, hata kama tezi inakutisha.

Lakini ondoka nyumbani saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na bodaboda anataka bei ya wizi, ukiona mojawapo ya haya: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida au kwa kukoroma akiwa macho, anatokwa udenda mwingi kwa sababu hawezi kumeza mate, shingo imekaza na hataki kuigeuza. Udenda na shingo kukaza vikiambatana na homa huenda usaha umejikusanya ndani ya koo, na hilo halisubiri kuche.

Akiwa na joto, pima kwa kipimajoto cha kwapani kama unacho. Kuanzia nyuzi 37.5 ni homa. Na homa yoyote huku kwetu ipimwe malaria ndani ya siku moja, uwe umeona sababu nyingine au hujaona. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria haina adabu ya kusubiri tezi iishe ndipo iingie. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

Hatua ya 2: Hakikisha ni tezi kweli

Uvimbe wa kinenani kwa mtoto, hasa wa kiume, usikimbilie kuuita mtoki. Mtazame akilia au akikohoa. Kama uvimbe unajitokeza akilia na unarudi ndani akilala, hiyo ni ngiri, ambayo hospitali wanaiita henia. Haichuliwi wala haifungwi kamba. Inarekebishwa kwa upasuaji uliopangwa. Siku ikigoma kurudi ndani, ikawa ngumu, mtoto analia bila kunyamaza na kutapika, utumbo umenaswa. Hiyo ni hospitali, tena saa hiyo.

Najua pia wazee wa pwani yetu wakisikia uvimbe wa kinenani wanawaza busha na matende, maana ugonjwa huo umetutesa miaka mingi. Lakini huo unajengeka polepole kwa miaka ya kuumwa na mbu na unajionyesha ukubwani. Kwa mtoto wa miaka miwili tafuta kidonda mguuni kwanza.

Shavuni kuna matubwitubwi, ambayo wengine huita perema. Hapo kinachovimba ni tezi ya mate, si hizi tunazozungumzia. Uvimbe unakaa mbele na chini ya sikio, unaficha kona ya taya mpaka huioni, ndewe inainuliwa juu, na kutafuna kunauma. Hauna dawa ya kuuondoa, na chanjo yake haimo kwenye zile za kawaida za kliniki zetu. Mpe dawa ya maumivu, mpe vyakula laini, mkalishe mbali na watoto wenzake siku tano tangu shavu lianze kuvimba.

Hatua ya 3: Pima mara moja, kisha mwache

Mpakate akiwa ametulia. Tumia matumbo ya vidole viwili, siyo ncha wala kucha, zungusha taratibu. Unatafuta mambo manne tu: ukubwa, ugumu, kama inateleza, na kama inauma.

Kwa ukubwa, rula ya shule inatosha, lakini jikoni kwetu kuna vipimo bora. Choroko, mbaazi, njugu mawe, korosho. Choroko na mbaazi ni tezi za kawaida za mtoto. Njugu mawe kavu inakaribia sentimita moja au kuipita kidogo, na hiyo ni tezi iliyo kazini: unaiangalia huku ukitafuta chanzo. Korosho nzima iliyobanguliwa urefu wake unapita sentimita mbili, na tezi ikikaribia hapo usiiangalie nyumbani, mpeleke zahanati kesho au keshokutwa hata kama mtoto anacheza.

Kwa ugumu, jishike mwenyewe. Ndewe ya sikio ni laini, ncha ya pua inabonyea na kurudi, paji la uso ni gumu. Tezi ya maambukizi ya kawaida iko kati ya ndewe na pua, inateleza chini ya kidole kama punje ndani ya mfuko wa nailoni. Ikiwa kama paji la uso na imeng'ang'ania haisogei, hiyo haisubiri zile wiki mbili za Hatua ya 7.

Andika kwenye daftari, au hata nyuma ya kadi ya kliniki kwa penseli: tarehe, mahali, "kama njugu mawe, moja, inateleza, haiumi." Kisha usiiguse mpaka wiki ijayo siku kama hiyo. Mimi sasa nawaambia watu wachague Ijumaa, maana hawaisahau. Kidole cha kila saa kinaisumbua tezi na kinaichelewesha kupungua, na jirani, shangazi na bibi nao wakija kila mmoja akibonyeza kidogo, mtoto anapata kipigo cha ukoo mzima.

Kuna mahali pamoja ambapo hupimi wala husubiri: juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo unaoelekea begani. Tezi ikitokea kwenye shimo la hapo juu, hata iwe kama mbaazi, ioneshe kwa daktari wiki hiyo hiyo. Hapo mjumbe anahudumia kifua na tumbo, nyumba ambazo wewe huwezi kuingia kuangalia.

Hatua ya 4: Mtafute aliyepiga kelele

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi tunaparuka. Mvue mtoto nguo zote mchana, mahali penye mwanga, umkague kama unavyokagua kitenge kabla ya kulipa.

Tezi ikiwa nyuma ya sikio au kisogoni, anza na kichwa. Fumua misuko yote, usijaribu kuchungulia kati ya mistari. Tafuta mapunye, chawa na mayai yake, vipele vyenye usaha kwenye mizizi ya nywele zilizovutwa sana. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake, kwa sababu ugonjwa uko ndani ya unywele. Yanataka dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, inayoandikwa kituoni kwa uzito wa mtoto. Nilipaka krimu, nikapaka ndimu, nikapaka na kitu kimoja cha kijani nilichopewa na jirani ambacho mpaka leo sijui ni nini. Kilichomponya ni dawa ya kumeza. Kama kuna vipele mwilini na homa pamoja na tezi za kisogoni, waza surua au rubela na uangalie kadi: chanjo ya surua-rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na ile ya pili ndiyo watu wanaisahau.

Chini ya taya, fungua mdomo. Tumia tochi ya simu. Koo jekundu, mafindofindo yaliyovimba, vidonda vya ulimi, jino lililooza, fizi. Watu hudhani meno ya utotoni hayana madhara kwa kuwa yatang'oka, kumbe jino la miaka mitatu lenye shimo linaweza kutoa usaha na kuvimbisha taya zima. Angalia na masikio, kama yanatoa maji au mtoto anayavuta. Na pua: kamasi zenye harufu mbaya kutoka tundu moja tu, mara nyingi kuna kitu mle ndani. Nimeshaona punje ya hindi iliyoanza kuota.

Mbele ya sikio, angalia jicho na kope.

Kwapani, angalia vidole vya mkono ule ule mpaka begani. Msimu wa korosho, kuanzia Septemba au Oktoba hivi, mtoto anaokota korosho mbichi pale uani, na mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi mpaka inatoka malengelenge. Malengelenge yakiingia uchafu, kwapa linavimba. Hivyo hivyo makucha ya paka. Na kama kwapa lililovimba liko upande wa bega lenye kovu la chanjo ya kifua kikuu, ile anayochomwa mtoto akizaliwa, huenda ni chanjo yenyewe inafanya kazi. Hutokea zaidi miezi ya mwanzo, na mara nyingi hupungua bila dawa. Muoneshe muuguzi siku ya kliniki. Ikilainika ikajaa usaha, usingoje siku ya kliniki.

Kinenani, anza na nyayo. Tenganisha kila kidole. Funza, mwiba, kipande cha chupa, aliyejikata na gamba la chaza ufukweni. Kisha panda juu mpaka makalioni, penye mikwaruzo na ukurutu wa nepi.

Ukipata kidonda, kioshe kwa sabuni na maji safi mara mbili kwa siku, kikaushe, kifunike kwa kitambaa safi ili nzi wasikae. Kata kucha za mtoto. Funza atolewe kwa sindano safi isiyochangiwa na watoto wengine. Sikio linalotoa maji usilimwagie mafuta wala maziwa ya mama. Likaushe kwa nje, lipeleke kituoni.

Hatua ya 5: Kumliwaza nyumbani

Tezi ikiuma, loweka kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, kijaribu ndani ya kiganja chako kwanza, kikamue, kiweke juu yake dakika kumi bila kukandamiza. Mara tatu kwa siku inatosha. Akikataa, mwache. Hii ni ya kumfariji, haiponyi.

Dawa ya maumivu na homa ni parasetamoli, na kipimo chake kinafuata uzito wala hakifuati umri. Kwa kila kilo moja ni miligramu 10 hadi 15. Chupa nyingi za maji zinazouzwa kwetu zimeandikwa 120 mg kwa 5 ml, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anapata 5 ml. Soma chupa yako, kwa sababu zipo zenye nguvu tofauti, hasa za matone. Acha saa sita zipite kabla ya kurudia, isizidi mara nne kwa siku nzima. Tumia kijiko au bomba lililokuja na dawa, maana vijiko vya chai kila nyumba vina ukubwa wake. Aspirini usimpe mtoto.

Chakula asilazimishwe. Koo likiuma, uji uliopoa unapita vizuri kuliko ugali, viazi vilivyopondwa vinapita, maji ya dafu yanapita, na anayenyonya aongezewe ziwa. Kukosa hamu siku mbili si kitu. Kukosa kunywa ndiko kwenye hatari.

Hatua ya 6: Mikono ya watu wengine

Hapa nitasema wazi. Usikubali mtoto achuliwe, achanjwe chale juu ya tezi, achomwe, au apakwe majivu ya moto. Tezi yenye usaha ikichuliwa, usaha unasukumwa ndani. Ikitobolewa nyumbani inaweza kuacha tundu linalovuja kwa miezi.

Na kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Mtoto mwenye koo bovu na tezi chini ya taya ndiye hasa anayepelekwa kwa mkata kimeo, kwa sababu anakohoa, hali, na ukimfungua mdomo unakiona kimevimba. Kimevimba kwa sababu koo lote limevimba. Koo likipona nacho kinarudi. Kukikata kumeleta damu isiyokatika, pepopunda na maambukizi kwa watoto waliokuwa na mafua tu. Mwaka juzi nilikaa mkekani nyumba moja hapa kwetu, bibi akaniambia, "Wewe binti, sisi wote tulikatwa na tukapona." Nikamjibu, "Shikamoo bibi, na hao ambao hawakupona leo nani atawauliza?" Alicheka, akanikaribisha muhogo. Mtoto hakukatwa. Sidhani ni hoja yangu iliyomshinda, nadhani ni kwa sababu niliendelea kukaa pale mpaka jua likazama.

Duka la dawa nalo lina yake. Ukisema "mtoto ana tezi" utapewa amoksilini, au robo ya rangi mbili, au kidonge kidogo cha kupunguza uvimbe. Tezi nyingi za utotoni zinaletwa na virusi, na hizo dawa za bakteria hazigusi virusi. Zinazoletwa na bakteria zinataka dawa sahihi kwa kipimo sahihi na kumaliza dozi. Lakini ninachokiogopa zaidi ni kile kidonge cha kupunguza uvimbe, predinisoloni na jamaa zake. Kinaweza kweli kuipunguza tezi ndani ya siku chache, ukashukuru, kumbe ilikuwa dalili ya saratani ya damu au ya tezi, na sasa imejificha mpaka hata kipimo kinashindwa kuiona vizuri. Kisitolewe bila daktari kumwona mtoto.

Hatua ya 7: Siku ya zahanati

Nenda siku hiyo hiyo kama ngozi juu ya tezi imekuwa nyekundu au ya kung'aa, ina moto, inauma mtoto asiguswe, au inabonyea kama tunda lililoiva sana. Hapo kuna usaha, na huenda ukahitaji kutolewa kwa usafi. Nenda ndani ya siku mbili kama imefika korosho, au kama homa haijashuka siku ya tatu. Nenda bila kuchelewa kama inakua haraka mbele ya macho yako, ikiwa ni pamoja na taya linalovimba na meno yanayolegea: kuna saratani ya utotoni inayoanza hivyo, inaonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama yetu, inakua kwa kasi sana, na inatibika vizuri ikiwahiwa.

Na nenda kama wiki mbili zimepita, chanzo umetibu au hukukiona, na Ijumaa mbili mfululizo daftari linasema haijapungua.

Chukua kadi ya kliniki, daftari lako, na dawa zote ulizompa, hata ile ya jirani ya kijani. Kwa sera ya nchi mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi kwenye vituo vya serikali, ingawa dawa ikikosekana dirishani utatumwa kununua, kwa hiyo beba na kidogo. Usiseme tu "ana mtoki". Sema imeanza lini, ilikuwa kama nini, sasa kama nini, na useme haya matatu bila kuulizwa.

La kwanza, ni nani nyumbani anakohoa wiki mbili au zaidi. Awe babu, mpangaji, au dada wa kazi. Mtoto hupata kifua kikuu kwa mtu mzima wa karibu, na kwa watoto kinapenda sana kukaa kwenye tezi za shingo: zinavimba polepole, haziumi, hazina moto, zinashikana kama fungu, baadaye zinaweza kupasuka na kuvuja. Kipimo na dawa zake ni bure. Wanaweza kuvuta majimaji ya tezi kwa sindano nyembamba na kuyapima. Inatisha kuangalia, lakini inaisha haraka kuliko kunyoa.

La pili, uzito. Kama mstari wa kadi umelala au unashuka, kama anatoka jasho la kulowesha shuka usiku wa baridi, kama amepauka viganja au ana madoa ya damu iliyovilia bila kuanguka, mwambie.

La tatu, kama tezi ziko sehemu nyingi kwa pamoja, shingoni, kwapani na kinenani, hasa akiwa na utando mweupe mdomoni au kuhara kusikokatika, omba mwenyewe apimwe VVU. Najua neno hili linafunga midomo. Lakini mtoto anayeanza dawa mapema anakua, anasoma, na anakugombeza ukubwani kama watoto wengine.

Ukiandikiwa rufaa usiitie kwenye pochi. Wa Mtwara mjini anaelekea hospitali ya Ligula, na iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Wa Lindi anaelekea Sokoine. Wa Masasi na Newala wengi wanapitia Ndanda, na wa Mtama wanayo Nyangao karibu. Huko wanaweza kupima damu, kupiga picha ya kifua, au kukata kipande kidogo cha tezi kukichunguza. Uliza jibu litatoka lini na utalipokea kwa nani, uandike namba ya simu ya idara. Majibu yasiyofuatwa ni mengi kuliko majibu mabaya.

Hatua ya 8: Kusubiri

Chanzo kikishatibiwa, usitegemee tezi iondoke na kidonda. Kidonda kinapona wiki moja, tezi inapungua kidogo kidogo kwa wiki mbili, tatu, nne, na kisha inaweza kubaki kama choroko au mbaazi kwa miezi. Mafua mengine yakija inavimba tena kidogo na kushuka. Hilo halina neno, alimradi mwelekeo wa daftari ni wa kushuka.

Kama umeambiwa "ni ya kawaida, rudi nyumbani" na moyo haujatulia, rudi tena baada ya wiki mbili na daftari lako. Hakuna anayekukataza. Tabibu aliyeona tezi mara moja anaona picha, aliyeiona mara mbili anaona inakoelekea.

Wangu sasa yuko darasa la tatu. Nikimsuka Jumapili, nyuma ya sikio la kushoto kidole bado kinapita juu ya kitu kidogo kama choroko. Kinateleza, kinarudi. Ananiambia, "Mama, usiguse, leo si Ijumaa."